Si Nilituma Kwenye Grupu?

Kwenye barua ya ajira mimi ni mhasibu. Kwa vitendo ni msomaji. Nasoma barua pepe, nasoma grupu, nasoma pidiefu iliyotumwa kwa barua pepe na kurudiwa kwenye grupu ili mtu asije akasema hakuiona. Hesabu nazifanya jioni, wenzangu wakishachoka kuandika.

Ofisi yetu ina watu wa kujaa Coaster moja, lakini ina grupu utadhani ni wizara nzima. Lipo la Rasmi, la Dharura, la Idara, la Idara Bila Bosi, na la Idara Bila Bosi Wala Yule Anayempelekea Bosi Maneno. Hilo la mwisho ndilo pekee lenye habari za uhakika. La Dharura limejaa maua. Kukicha tu, mtu anarusha waridi lenye umande na "Asubuhi njema wapendwa", na wapendwa wanaitikia mmoja baada ya mwingine. Siku jengo likishika moto, tangazo tutalikuta chini ya mawaridi. Mwaka 2022 WhatsApp waliongeza ukubwa wa grupu kutoka watu 256 hadi 512, na kabla mwaka haujaisha wakafika 1,024. Aliyewaomba bado namtafuta.

Grupu la mchango wa harusi ndilo linalonimaliza. Kila anayelipa anabandika upya orodha nzima, kuanzia mwenyekiti hadi mtu wa mkiani, ili tu aweke alama ya vema kwenye jina lake. Kumbe mwingine naye alikuwa anahariri orodha ya zamani. Akiibandika hiyo, elfu hamsini yako uliyokwisha kulipa inarudi kuwa ahadi, na mweka hazina anakuja mezani kwako na uso wa mdai.

Bosi wetu yeye haandiki, anarekodi. Dakika saba za sauti kutoka kwenye foleni, vioo vimeshushwa, konda wa daladala ya jirani anaita "Mbezi! Mbezi!" kwa bidii kuliko bosi anavyozungumza. Agizo lenyewe linakuja mwishoni, baada ya "na la mwisho kabisa" ya tatu. Ukirukisha, umelikosa. Ukisikiliza yote, umechelewa kulitekeleza.

Chanzo cha balaa hili nakijua. Zamani gharama ya taarifa ilimwangukia anayeituma. Mwenye jambo aliandika dokezo, likaingia kwenye jalada, likapita masijala, tarishi akalipandisha ngazi na daftari lake la kusaini. Mtu alijiuliza kama jambo lake kweli lina uzito wa kumpandisha mzee wa watu hadi ghorofa ya tatu. Mengi yaliishia hapo hapo kwenye kujiuliza. Leo kutuma hakumgharimu mtu kitu, na mzigo wote amebebeshwa anayepokea. Mwulize mtu kwa nini hukuambiwa kwamba kikao kimesogezwa mbele. Atakujibu bila kupepesa: "Si nilituma kwenye grupu?" Kesi imekwisha, na mshtakiwa ni wewe. Ule ujumbe haukuwa wa kukuarifu, ulikuwa hirizi yake. Ndiyo maana anawanakili hata wasiohusika: kadiri mashahidi wanavyoongezeka, ndivyo hirizi inavyokolea.

Mambo haya hayakuanza jana. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kompyuta hizo zilikuwa zimewekwa chumba kimoja, ubavu kwa ubavu, kama mimi na jirani yangu wa meza, ambaye huniandikia "Habari za asubuhi, rejea mazungumzo yetu" wakati naisikia pumzi yake. Baadaye Tomlinson alisema hakumbuki alichoandika. Mwenye kuianzisha kaisahau barua yake mwenyewe, halafu mimi natakiwa niikumbuke ya Jumanne iliyopita na viambatisho vyake. Mwaka huohuo msomi Herbert Simon alionya kwamba penye wingi wa taarifa pana uhaba wa usikivu. Walimpa Nobel ya uchumi mwaka 1978, kwa kazi zake nyingine, wakaendelea kutumiana.

Sheria nayo imeachwa stendi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Walioitunga hawakumjua mtu wa "Samahani kwa usumbufu, ukipata nafasi" ya saa nne usiku. Ufaransa wamemjua: tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu ukizima, kesho yake unaulizwa kama ulikuwa unaumwa.

Mimi nimejitibu kienyeji. Grupu zote nimezinyamazisha, na taarifa zangu nazipata kwa mama wa chai. Anapita ofisi zote, anasikia yote, lakini ana birika zito mkononi, kwa hiyo hana muda wa porojo. Anasimama mlangoni: "Baba Zawadi, kikao cha saa nne kimehamia juu, na bosi ana hasira za bajeti. Sukari vijiko vingapi?" Nahusika wapi, lini, na nikaeje: yote kwa pumzi moja. Halafu haniulizi kama nimepokea, kwa sababu ananiona.

Kwa hiyo mwenye shida ya kweli na mimi asiniandikie. Apige simu. Nisipopokea, aje mezani. Asiponikuta mezani, niko kwa mama wa chai, nafuatilia mawasiliano ya ofisi.