Fomu ya Bima na Kiondo cha Shosho

Kijana wa bima ya maisha alifika kwetu Gachororo, Juja, jioni, stima ikiwa imepotea, tukajaza fomu kwa tochi ya simu. Jina, kazi, uzito, sigara: hayo yalikwenda mbio. Kisha akasoma, "Umewahi kutibiwa ugonjwa wowote wa akili?" Baba watoto akanyamaza. Shosho akadakia kutoka kwenye kochi, "Andika hapana!" Kijana naye akasema hakuna anayekagua.

Baba watoto huendesha lori la mawe ya Ndarugo. Utingo wake alipofariki kwenye ajali, usingizi ulimhama, chakula kikamshinda, kuongea akaacha. Alitibiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mpaka akarudi kwenye usukani. Hospitali hiyo ipo tangu 1910, na matatu za Juja huipita kila siku kwenye barabara ya Thika, lakini nyumbani mwetu jina lake halikutajwa.

"Sitawaachia watoto kesi," alisema. "Leteni kadi yangu ya kliniki."

Kadi haikuwepo. Tulipindua magodoro, tukamwaga gunia la maharagwe sakafuni, kitinda mimba akaangua kilio akidhani tunahama. Jirani, karani wa wakili pale Thika, akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, alimgeukia yule kijana kwa ukali. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, alisema, unaipa sababu ya kukataa kulipa. Faili za hospitali huulizwa mtu akishakufa, na anayebaki kujibu ni mjane. Mimi, yaani.

Nilimuuliza kama sheria haitulindi. Akasema Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inazikataza kampuni za bima ya matibabu kumbagua mgonjwa wa akili. Bima ya maisha ni habari nyingine: kampuni hupima hatari, ikaongeza malipo, ikaahirisha au ikakataa.

Hapo shosho akaanza kulia. Akavuta kiondo chake, akafungua leso aliyohifadhia risiti za mazishi ya guka, akatoa kadi. Alipokuwa msichana, kaka yake alipelekwa Mathari, na tangu siku hiyo wachumba wakaacha kupiga hodi kwao. "Sikutaka mwanangu aandikwe," alisema. Baba watoto akaketi kando yake, akamshika mkono. Simlaumu mama huyu hata kidogo. Alimkinga mtoto wake kwa ngao pekee aliyoijua.

Lawama yangu naiweka kwenye fomu. Mwaka mzima wa mateso na wa kupona umepewa kisanduku cha ndiyo au hapana! Mtu aliyekunywa dawa zake, akahudhuria kliniki na kurudi kazini ana habari njema ya kueleza, na anastahili nafasi ya kuieleza. Tulitia alama kwenye ndiyo, tukaambatisha karatasi yetu: alianza lini kuugua, dawa gani, alirudi lini barabarani, pamoja na barua ya daktari.

Jibu limekuja. Wamemkubali, ila wameongeza malipo ya kila mwezi bila kueleza walivyoyapiga hesabu. Baba watoto amekataa kutia sahihi mpaka apewe sababu kwa maandishi. Barua yetu imeshapelekwa, na wakikaa kimya tutapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Nauli ya kwenda mjini ameitoa shosho.