Sifa za Askari wa Fiksi

Askari wa fiksi ni raia aliyepigana vita ambavyo jeshi lenyewe halina habari kwamba alikuwemo. Hana namba ya jeshi, depo hakupita, na cheo chake hupanda na kushuka kwa kufuata wasikilizaji: mbele ya wazee wenzake ni koplo, mbele ya wageni ni kapteni, na wakiwepo vijana wa bodaboda ni komandoo. Kwa kawaida hutajwa kwa kicheko. Kicheko hicho ni kumkosea adabu mtu aliyeitetea nchi kwa mdomo miaka arobaini na ushei bila mshahara, bila likizo, bila kiinua mgongo, na bila mtu yeyote kumtuma.

Hastawi kila mahali. Anahitaji kijiwe chenye subira na mandhari yanayofaa, na Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni, ina vyote viwili. Mji umekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, na chini yake uwanda wa kuelekea Bahi umetanda mpaka macho yachoke. Msimuliaji hahitaji ramani. Akinyoosha fimbo tu, adui ameshaonekana. Historia nayo imemwachia mtaji. Misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora ilipita hapa, Wajerumani wakajenga boma na kuweka askari, na mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyotokea Kondoa, yakauteka mji mara tu baada ya Dodoma. Mtu aliyezaliwa mahali kama hapa akidai damu ya kijeshi, si rahisi kumkatalia.

Ila anachagua cha kudai. Katika vita ile ya kwanza ya dunia watu wa Ugogo walichukuliwa kwa wingi kuwa wapagazi, nafaka na ng'ombe wao wakazoazolewa na pande zote mbili, kisha mvua ikakosekana. Ikaja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ikaua maelfu kwa maelfu. Hiyo ndiyo vita iliyoifika nchi hii kweli, na hakuna msimuliaji anayeigusa. Babu wa askari wa fiksi alikuwa mpiga bunduki wa Wajerumani, au wa Waingereza, na ikibidi wa wote wawili kwa zamu. Hajawahi kubeba gunia la unga kichwani kwenda Rufiji. Uongo huu una nidhamu: unakwenda juu tu, kama moshi, na anayetaka kujua ni kazi gani za vita ambazo jamii inazipa heshima na zipi imezisahau atapata jibu la haraka kwa askari wa fiksi kuliko maktabani.

Ukaguzi wa madai ya namna hii umewahi kufanyika Tanganyika, na kisa chake husimuliwa mpaka leo. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliomtumikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita ile, malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti, wengine wakishika vipande vya sare vilivyochakaa. Mtu wa benki aliyeleta fedha akatafuta njia: kila mzee akapewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani apige kwata la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Miaka hamsini ilikuwa imepita, lakini mikono ilikumbuka. Askari wa fiksi akisikia kisa hiki husifu sana uhodari wa Wajerumani, halafu hubadilisha mazungumzo. Ni kweli pia kwamba hajawahi kumdhuru mtu kwa silaha yoyote, ufagio ukiwemo, na si majeshi mengi yanayoweza kujivunia rekodi hiyo.

Vita ya pili ya dunia ilileta keya, vijana wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Burma ilikuwa neema kwa wasimuliaji wote wa Afrika Mashariki: ni mbali, ina msitu, ina Wajapani, na hakuna jirani atakayepanda treni pale Saranda kwenda kuhakiki. Hapo ndipo alipojitokeza bingwa wa kundi hili, na sifa za kundi haziwezi kukamilika bila kumtaja. Idi Amin alidai kuwa alipigana Burma. Kumbukumbu za jeshi zinaonyesha aliandikishwa KAR mwaka 1946, akianza kama msaidizi wa mpishi, wakati Wajapani walisalimu amri 1945. Mtu mwenye nia hazuiwi na mwaka mmoja. Baada ya kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971 alijipandisha hadi kuwa Fildi Mashali, akajitunuku nishani aliyoibuni mwenyewe, yenye herufi VC zilizolingana na zile za nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na mwishowe akajitangaza Mshindi wa Dola ya Uingereza. Wasimuliaji wa kawaida huishia kwenye kahawa. Yeye alikuwa na hazina ya taifa na fundi wa kushona mifuko ya nishani.

Kabla yake, Zanzibar ilishampata John Okello, fundi wa ujenzi kutoka Uganda aliyejitokeza katika Mapinduzi ya Januari 1964 akiwa na cheo hicho hicho cha Fildi Mashali, alichojipa mwenyewe, pamoja na madai ya kuwa mpiganaji wa Mau Mau. Vitisho vyake redioni viliwafanya watu waone jeshi kubwa kuliko lililokuwepo. Haikupita hata miezi mitatu akazuiwa kurudi visiwani. Sifa yake ni ufupi.

Faida kubwa aliyoileta Amin kwa Kilimatinde ilikuja Oktoba 1978, askari wake walipoivamia Kagera na kufika hadi mtoni, ambako daraja la Kyaka lilivunjwa. Tanzania iliita mgambo, ikakusanya malori ya mashirika na ya watu binafsi, na vijana wakaondoka vijijini nchi nzima. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, mapigano ya Lukaya yakawa Machi, na Kampala ikaanguka Aprili 11. Amin, ambaye katika siku za vita alitangaza kuwa yuko tayari kuumaliza ugomvi kwa kupigana ngumi na Nyerere, alikimbilia Libya. Mwongo aliyedai vita ya Burma aliwaletea wengine vita ya kweli, na vita hiyo ya kweli ikawapa waongo wapya kitu cha kudai. Mnyororo huu haujapata mchunguzi wake.

Kagera ya askari wa fiksi ina sifa zake. Haina matope wala kuhara, haina siku za kungoja lori la chakula. Kila mtu alikuwa mstari wa mbele, na idadi ya waliopanda Land Rover moja na Jenerali Musuguri ingejaza treni. Kamanda Silas Mayunga, yule waliyemwita Mti Mkavu, alimwomba askari wa fiksi ushauri. Kovu la mguuni, ambalo wakunga na manesi wa hospitali ya Anglikana wangeweza kulihusisha na mkokoteni wa ng'ombe, ni la kipande cha bomu. Umri nao ni mgumu kidogo. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1979 alizaliwa 1961, mwaka wa uhuru, na wapo wanaoisimulia Lukaya huku wakiwa wamezaliwa baada ya Azimio la Arusha. Kwa hao lazima ikubalike kwamba walijitolea mapema.

Hapa ndipo utumishi wake unapoonekana. Mzee aliyepigana kweli mara nyingi hasemi. Akiulizwa atataja baridi ya usiku, jina la rafiki, na kunyamaza. Vijana wasingejua Mutukula iko wapi. Askari wa fiksi anawafundisha jiografia ya Uganda mji kwa mji, ingawa Masaka wakati mwingine huja baada ya Kampala. Baada ya vita Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na nchi ikaendelea kulipa gharama muda mrefu baada ya hapo; vita ya kijiweni inapiganwa kila jioni kwa bei ya kikombe kimoja, na anayelipa ni msikilizaji. Tena mkongwe wa kweli akipita, msimuliaji hushusha sauti, humpisha kiti na kumwita afande. Heshima hiyo haina fiksi ndani yake.

Kizazi kipya kimeachana na Kagera. Hiki kimepita Ngerengere kwenye ukomandoo, kimekwenda Komoro mwaka 2008, Darfur na Kongo, au kiko "kitengo", neno linalotamkwa kwa kutazama pembeni na linalofunga maswali yote, kwa kuwa mtu wa usalama haruhusiwi kuthibitisha kuwa ni mtu wa usalama. Ni ushahidi bora kuliko wote: kukosekana kwake ndiko kunakouthibitisha. Mkongwe anayetaka kuwabana hawa huuliza jambo dogo tu, depo ulipiga wapi na mwaka gani, na namba yako inaanza na ngapi. Komandoo hukumbuka kwamba ana safari.

Sifa hizi hazimhusu tapeli. Anayevaa magwanda na kuwachangisha wazazi fedha ili awaingizie watoto jeshini ni mwizi wa kawaida, na mahali pake ni mahakamani. Marekani walibishana juu ya mpaka huu hadi Mahakama ya Juu: mwaka 2012, katika shauri la Xavier Alvarez, mjumbe wa bodi ya maji huko California aliyejidai kuwa na nishani ya juu kabisa ya vita, sheria iliyoadhibu uongo wa nishani peke yake ilifutwa. Mwaka uliofuata ikaja nyingine inayomshika anayedanganya ili apate fedha au manufaa. Kikombe cha kahawa bado hakijaamuliwa kiko upande gani.

Tanzania hushughulika zaidi na mavazi, kwani raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha kombati na nguo zote zinazofanana na sare zake. Askari wa fiksi aliyekuwa na kofia ya mtumba ya mnadani aliisalimisha kwa utii, na kwa kufanya hivyo akapata kile alichokikosa miaka yote. Sasa akiulizwa sare yake iko wapi, anajibu kwamba jeshi liliichukua, na kwa mara ya kwanza anasema kweli.