Hongera kwa Hesabu Isiyo na Namba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi,
Nairobi.

KUH: MAJERUHI WASIOANDIKWA DAFTARINI

Mheshimiwa Waziri,

Ofisi yako hupokea malalamiko ya kutosha, basi leo pokea pongezi. Vikosi vyetu vilivuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011 kwa operesheni ya Linda Nchi, na mwaka uliofuata vikaingizwa katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Tangu hapo Wizara yako imeweza jambo lililoyashinda majeshi tajiri: kupigana kwa zaidi ya mwongo mmoja bila mwananchi kujua ni askari wangapi waliorudi na kiwewe. Tazama Wamarekani walivyojiaibisha. Utafiti uliofanywa kwa amri ya Bunge lao katika miaka ya 1980 ulikuta kwamba karibu asilimia 15 ya wanaume waliopigana Vietnam walikuwa bado wanaugua, na takriban watatu kati ya kila kumi walikuwa wameugua wakati fulani maishani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wakakadiria kuwa wanajeshi wa Marekani waliojiua baada ya Septemba 2001, walio kazini na waliostaafu, ni zaidi ya 30,000, ilhali waliouawa katika vita vyenyewe walikuwa kama 7,000. Maskini hao! Wangehesabu kwa mtindo wetu, wasingekuwa na tatizo.

Ustadi wako ulionekana wazi baada ya El Adde. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi yetu katika eneo la Gedo. Rais wa Somalia wa wakati huo akasema kwenye televisheni kwamba askari waliouawa walikaribia 200. Nairobi ikakanusha, lakini haikutoa hesabu yake. Mwandishi wa habari Yassin Juma alikamatwa mwezi uo huo kwa aliyoyaandika mtandaoni kuhusu shambulio hilo. (Kifungu cha sheria kilichotumika kumkamata kilifutwa na Mahakama Kuu miezi michache baadaye, lakini somo lilikuwa limeshaeleweka.) Sababu tuliyopewa ni kwamba namba humfaa adui. Adui huyo alikuwa uwanjani, akaokota silaha, akapiga picha, na Aprili akasambaza video ya uvamizi huo. Wasiojua waliobaki ni walipa kodi, wajane, na daktari ambaye siku moja ataletewa aliyenusurika.

Huyo aliyenusurika ndiye ninayemwandikia barua hii, ingawa anuani ni yako. Kiwewe cha vita si woga wala utovu wa nidhamu. Ni mwili uliojifunza kukaa macho mahali ambapo kusinzia kulikuwa kifo, kisha ukashindwa kuliacha somo hilo ulipofika Gilgil au Eldoret. Usingizi unapaa, mlango ukigongwa anaruka, watoto wanajifunza kutomkaribia kwa nyuma, na pombe inakuwa dawa ya kulala. Baadhi ya tiba zinazofanya kazi humtaka mtu ayasimulie yaliyompata, kwa mpangilio, mbele ya anayemwamini. Sasa atasimulia nini askari ambaye serikali yake haijakiri ukubwa wa maafa aliyoyaona? Akitaja wenzake walioanguka, anavujisha siri. Akinyamaza, anasifiwa kwa ukakamavu. Na iwapo ukimya huo ungemfikisha kwenye kitanzi kisha akaokolewa, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa tayari kumshtaki kwa kujaribu kujiua, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mficha maradhi kilio humuumbua, ila wanaolia hapa ni jamaa nyumbani, mbali na ofisi yako.

Maafisa wako watanikumbusha kwamba kambini wapo makasisi, maimamu na washauri nasaha. Siwadharau hata kidogo. Lakini mlango wa mshauri uko ndani ya jeshi lilelile linaloamua cheo, safari na silaha ya askari, na anayeuingia anajua fununu hufika kwa kamanda kabla yake. Watasema pia kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu, Mwafrika ana ukoo na dini. Ukoo na dini husaidia sana, ila havikuwazuia wakimbizi wa Rwanda na Somalia walioishi Nakivale, Uganda, kuugua kiwewe hichohicho. Hapo ndipo hoja ya mwisho, ile ya kukosa fedha, inapoanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza jinsi wakimbizi wenyewe, wasio madaktari, walivyofunzwa kuwatibu wenzao kwa njia ya masimulizi. Katika vipimo vya baadaye takriban saba kati ya kila kumi waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Mwaka 2011 njia hiyo ikaripotiwa kufaulu kaskazini mwa Uganda kwa vijana waliotekwa na kufanywa askari wakiwa watoto, chini ya wahudumu wa palepale na kwa vikao vinane tu. Kama mkimbizi Msomali aliweza kutibiwa ukimbizini, Mkenya aliyetumwa Somalia kwa jina la taifa anashindikana vipi?

Ninachoomba ni kidogo na hakigusi siri ya mpango wowote wa vita. Kifungu cha 240 cha Katiba kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa kupeleka Bungeni kila mwaka ripoti ya hali ya usalama. Ongezeni humo ukurasa mmoja, usio na jina la mtu: wangapi walipimwa waliporudi, wangapi wanatibiwa, wangapi waliachishwa kazi wakiwa wagonjwa, na wangapi walijiua. Waliostaafu wahesabiwe pia, na watibiwe nje ya kambi na watu wasiowajibika kwa makamanda. Kisha tarehe 14 Oktoba, Siku ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya (KDF), baada ya gwaride na kabla ya chakula, simama utusomee idadi ya waliokufa El Adde.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi.