Imerudi Vilevile

Mafundi wa kompyuta wa Kariakoo nawapenda, ila dawa yao ni moja. Spika haitoi sauti? "Mzee, tupige Windows." Kibodi inakwama? Tupige Windows. Jioni unarudishiwa mashine nyeupe pe: haina printa, haina nywila, haina faili la wadeni, na wadeni wenyewe wameshasikia.

Ndiyo maana kijana mmoja aliponipa habari za Clonezilla nilimwagizia soda. Programu ya bure, imetengenezwa Taiwan. Unaiwasha kwa fleshi kabla Windows haijaamka, nayo inachukua diski nzima kama ilivyo, inaruka nafasi tupu, inabana, inahifadhi kwenye eksteno. Diski ikifa, unairudisha yote kwenye mpya. Maneno hayo.

Nikainakili diski yangu. Ikafa. Ilikuwa ya GB 500, vitu vyangu humo havizidi GB 70. Fundi akanishauri SSD ya GB 240, "inakimbia balaa, mzee." Clonezilla ikaigomea. Kisa? Diski mpya sharti ilingane na ya zamani au iizidi, hata kama mzigo wako ni kiduchu. Yaani una mkeka na sufuria tu, lakini kwa kuwa umetoka nyumba ya vyumba vitano, chumba na sebule hupewi! Muuza duka akanipandisha hadi GB 480, eti ndiyo hiyohiyo 500. Ikagoma tena. Nikaishia TB 1, na nusu yake imelala tu, haijagawiwa.

Kurejesha nako kuna urasimu wake. Hakuna cha kipanya, ni mishale na maandishi. Inauliza kama una uhakika, unajibu ndiyo, inauliza tena. Haki yake, maana ukichagua vibaya, diski isiyohusika ndiyo inayofutwa. Lakini siku ya ndoa yangu mchungaji aliridhika na ndiyo moja.

Basi, ikawaka. Vilevile! Na kirusi chake kinachogeuza mafolda kuwa shotikati, na magemu ya mpwa wangu. Hata kazi iliyokuwa imekwama kwenye foleni ya printa imerudi, na kwa kuwa safari hii wino upo, printa ikaanza kumwaga kadi za mchango wa harusi ya shemeji yangu, harusi iliyovunjika mwaka jana. Mke wangu kaokota moja, kaisoma mpaka chini.

"Baba Neema, kumbe wamerudiana?"