Msiizime, Ilazeni

Mpwa wangu alinunua mashine ya gemu ya mkononi, PSP 3000 ya mtumba, Mpanda mjini, tayari imechakachuliwa, inacheza gemu za kunakili kutoka kwenye kadi. Muuzaji hakumwambia kwamba Sony walipotoa toleo hilo mwaka 2008 waliziba mwanya ambao wachakachuaji walizoea kuupitia. Kwa hiyo programu ya 6.60 PRO aliyowekewa haikai humo moja kwa moja. Ukiizima kabisa, au betri ikikata, mashine inatubu kama mlevi aliyeokoka kwenye mkutano wa injili, na gemu zote zinatoweka kwenye menyu. Dawa ni kubonyeza palipoandikwa Fast Recovery. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha dhambi inarejea.

Sasa ilete kwetu Litapunga, kwenye nyumba yenye paneli moja ya sola inayogombewa na taa, redio na simu za majirani. Ikabidi itungwe sheria: msiizime, ilazeni. Ukisukuma swichi na kuiachia hapohapo, inalala. Ukiishikilia sekunde kadhaa, umeizima. Mama yangu haamini habari ya kifaa kulala. Kwake, kinacholala kinakula umeme kwa siri. Kila jioni alikuwa anaishikilia swichi mpaka taa ya kijani ife, anachomoa waya, anachomeka redio.

"Bibi, umeizima tena!"

"Ndiyo. Na wewe nenda kalale kabla sijakuzima."

Fundi simu wa pale senta alishauri tuiflashi. Huyu hata kioo kikipasuka anashauri kuflashi. Lakini safari hii alikaribia ukweli: ipo programu iitwayo Infinity, inayofanya uchakachuaji ubaki hata betri ikitolewa, mradi kwanza upandishe mashine hadi toleo la 6.61. Na PSP haikubali kupandishwa toleo mpaka betri iwe na chaji ya kutosha na waya wa chaji uwe umechomekwa.

Betri yenyewe ilikuwa imevimba, kifuniko kimefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Chaja yake halisi haikuwepo. Fundi akakata waya wa USB, akaunga jeki inayoingia, kwa kuwa mashine inataka volti 5 tu. Tukachagua saa sita mchana, jua la utosi. Simu za majirani zikachomolewa, wenyewe wakanuna. Mama akakubali redio izimwe kwa sharti irudi kabla ya taarifa ya habari. Asilimia zilipofika katikati, wingu likatanda, na kwa mara ya kwanza Litapunga nzima palikuwa na mkulima anayeomba mvua isinyeshe.

Wingu likapita, toleo likapanda, Infinity ikaingia. Jioni Mama akaishikilia swichi kama kawaida yake. Asubuhi mpwa akawasha: gemu zote zipo. Akafungua gemu ya mpira, PES 2014, akacheza kidogo, akanigeukia.

"Mjomba, huyu Rooney ni nani?"

Nilipomweleza, akauliza kama hakuna namna ya kuichakachua tena, wachezaji wawe wa sasa.