Baridi Nalala Nayo Mimi, Ripoti Iko Dar

Sisi wa Lushoto baridi tuliijua kabla haijawekewa namba. Mwezi wa saba ukungu ukishuka kutoka Magamba, unakaa barazani kama mgeni aliyeishiwa nauli. Hapo hakuna anayeuliza ni nyuzi ngapi. Unavaa sweta juu ya sweta, unajitanda shuka, maisha yanaendelea. Wajerumani waliopaita hapa Wilhelmstal walipanda mlima kulikimbia joto la pwani, na wala hawakuhitaji simu ya kuwaambia kwamba wamefika kwenye baridi.

Mimi simu hiyo ninayo. Tena si yangu, ni ya mpwa wangu aliyeko Dar. Alipokuja kutusalimia, aligongomelea chumbani kwetu kidude cheupe kisichozidi kiberiti. Kila baada ya dakika 10 kinapima joto, kinaandika kwenye kumbukumbu yake, kisha kinalirusha bila waya mpaka kwenye ruta ya sebuleni, na kutoka hapo moja kwa moja mpaka kwenye simu ya mpwa huko Kimara, Dar. Mimi ninayelala humo chumbani sina habari. Simu yangu ni ya vitufe.

"Shikamoo mjomba. Chumba chako kiko nyuzi 12."

"Marahaba. Nipo ndani yake."

"Shirika la Afya Duniani linasema nyumba isishuke chini ya 18 wakati wa baridi!"

Ni kweli, mwongozo huo ulitoka mwaka 2018. Ila walioandika hawakutaja nani ananunua kuni.

Balaa zaidi ni umeme. Ukikatika usiku, ruta inazimika, lakini kidude kina betri yake, kinaendelea kuandika gizani. Umeme ukirudi saa sita mchana kinamwaga yote kwa mpigo. Basi mimi niko nje naota jua, nimevua hata kofia, simu inalia: "Mjomba, unaganda!" Baridi ya alfajiri naletewa mchana. Na hata umeme ukiwepo, kuta zetu za mawe ni nene, mawimbi yanafika sebuleni yamechoka. Kidude kikinyamaza, Kimara wanadhani tumekufa, na majirani wanapigiwa waje kututazama.

Mama watoto ndiye aliyegundua dawa. Akisikia simu zimezidi, anaweka kikombe cha chai ya moto chini ya kidude. Namba inapanda, Dar wanapongezana, naye anakunywa chai yake.

Sisemi vidude hivi ni upuuzi. Nendeni zahanati mkaone friji ya chanjo. Mle joto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kirekodi cha mle kina adabu na akili. Joto likizidi 8, kinavumilia saa 10 ndipo kitoe kengele. Likishuka chini ya nusu nyuzi hasi, kinavumilia saa moja tu. Maana chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda imeharibika, hata ukiiyeyusha, na kwa macho unaweza usijue. Kengele ikilia, muuguzi anakuja, anaangalia mlango, anahamisha chanjo. Kuna mkono nyuma ya namba. Mimi kengele yangu inalia Kimara, na mwenye mkono yuko kwenye foleni ya Ubungo.

Ushauri nao anatoa. Juzi kaniambia niingize jiko la mkaa chumbani, "tuone grafu ikipanda." Grafu ingepanda vizuri sana. Kidude kinapima joto, hakipimi hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa. Tungelala jumla huku simu ya Dar ikionyesha rangi ya kijani.

Kwa hiyo nyinyi wenye wazee Lushoto, Mlalo na Bumbuli, pesa ya kidude nunueni blanketi zito, mlipandishe basi la kuja huku, na mtume fundi azibe nyufa za dirisha. Pesa ikibaki, ongezeni kuni. Na mkaa usilale chumbani na mtu, namba ishuke itakavyoshuka.