Nywele Mpya, Miguu Ile Ile

Gemu ya mpira ninayocheza mtandaoni na mpwa wangu wa Newala ilipata toleo jipya katikati ya msimu wa korosho, wakati Masasi nzima ina hela na kila simu ina bando. Niko hapa Mkomaindo, nikabonyeza "sasisha". Chai haijapoa, bando la wiki limekwisha.

Nikanunua jingine, nikafungua. Mshambuliaji wangu kaota nywele za rangi ya embe bivu, viatu vinameremeta, na kashangilio kapya kajifunza. Beki wangu, ambaye kila wingu likitanda juu ya uwanda wa Makonde huganda, aliganda vilevile. Tofauti ni kwamba sasa aliganda akiwa amependeza.

"Mjomba, nimeshinda!" mpwa akapiga simu.

"Umeshinda nini? Kwangu ni dakika ya sabini!"

"Huku mpira umekwisha, Mjomba. Pole."

Kwa Wamakonde mjomba ni mtu mzito, neno lake halipiti hivihivi. Lakini seva haijui ukoo.

Sababu ya nywele kutangulia miguu si siri. Gemu nyingi za aina hii hupakuliwa bure; mtengenezaji anakula kwenye mavazi na mbwembwe. Gemu ya Fortnite imevuna mabilioni ya dola kwa njia hiyo. Nywele zinauzika, beki asiyeganda hana bei, kwa hiyo hukaa mwisho wa foleni.

Tena dawa ya kuganda ni ghali. Ndani ya nyaya za mawasiliano mwanga hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, lakini seva ikiwa Ulaya, pasi yako lazima ivuke bahari, ikaulize, ndipo irudi. Njia yenyewe nayo ina mikosi: Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki zikitazama kiduara kikizunguka. Kusogeza seva karibu nasi kunahitaji fedha, na sisi wa bando la wiki hatuonekani kwenye hesabu za watengenezaji.

Ila wakibanwa wanaweza. Kampuni ya Konami ilipotoa gemu ya eFootball 2022, Septemba 30, 2021, sura za wanasoka mashuhuri zilitisha kiasi cha kuchekwa dunia nzima. Kampuni ikaomba radhi, ikarudi karakana, na toleo lililonyooshwa likatoka Aprili 2022. Kelele za wachezaji zilifanya kazi.

Basi ndugu mchezaji, zima usasishaji wa kujiendesha, pakua palipo na waifai, na gemu ikiganda ipe nyota moja, ueleze kwa nini. Hela ya korosho lipia ada za watoto. Wauza nywele wakikosa mteja, watakumbuka kutengeneza miguu.